Karata nne za babu, na meza isiyokuwepo

Jioni ya Jumamosi moja, katika nyumba ya kupanga iliyopo Mafiga, Manispaa ya Morogoro, mama mmoja muuza mboga alichukua pakiti ya karata ya mwanawe wa kidato cha pili na kuitumbukiza kwenye jiko la mkaa. Karata za siku hizi zina plastiki. Moshi ulinuka uani kote, wapangaji wenzake wakatoka kuuliza kulikoni.

Hakuhitaji kueleza sana. Miaka michache kabla ya hapo, akiwa na fedha ya kodi mkobani, alisimama nje ya kituo cha mabasi kuwatazama vijana waliokuwa wakichezesha karata tatu juu ya boksi. Alimwona mtu akila mara mbili mfululizo. Akaweka shilingi elfu kumi, akala. Akaweka zaidi, na baada ya dakika chache kodi yote ilikuwa imekwenda. Aliyekula mara mbili mbele yake alikuwa mwenzao, kama ilivyo kawaida ya mchezo huo. Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za karata, na familia ilikaa miezi ikilipa deni.

Kwa hiyo alipomkuta mwanawe amekaa kitandani anachezea karata huku akifuata maelekezo kwenye simu, hakuona mchezo wa mtoto. Aliona lile boksi.

Kilichonusurika ni karata nne zilizokuwa kwenye mfuko wa kaptula ya kijana: saba ya kopa, mbili ya shupaza, tisa ya uru na nne ya pau. Karata nne hazitoshi kucheza mchezo wowote unaojulikana barazani. Ila kwa wanaofanya mazingaombwe ya karibu, yale ya kumfanyia mtu aliyekaa mbele yako, zinatosha kabisa. Wapo mabingwa waliojenga jina kwa fungu dogo la karata nne tu.

Chumba cha pili cha familia hiyo kilikuwa na mgeni wa muda mrefu. Babu, baba mzazi wa mama huyo, aliletwa mjini kutoka Mgeta, kule milimani Uluguru, baada ya kupata kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea. Mguu ulikuwa umeanza kurudi, akatembea kwa fimbo hadi mlangoni. Maneno yalitoka mazito lakini yalieleweka. Mkono ndio uliokataa. Ulikaa mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukishika kidogo.

Babu huyu alikuwa mtu wa bao. Mchezaji wa bao hutegemea vidole vyake: anachota kete, anazisambaza shimo kwa shimo bila kutazama, akili ikiwa imeshafika mbali. Sasa hata kufunga kifungo cha shati alimsubiri mtu. Aliagizwa na mtaalamu wa mazoezi tiba afungue na kufumba kiganja mara nyingi kwa siku, akamue kitambaa, ageuze kiganja juu na chini. Alifanya kwa siku mbili, tatu, kisha akaacha. Kila alipoulizwa alijibu kwamba amechoka kukamua kitambaa kisichokuwa na maji.

Jibu hilo wanalijua wanaouguza. Mazoezi ya mkono baada ya kiharusi yanataka kurudiwa mara nyingi sana, kwa kuwa ubongo unatafuta njia mpya ya kutuma amri pale njia ya zamani ilipokatika. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye mabadiliko ya haraka zaidi, ingawa mkono unaweza kuendelea kupata nafuu hata baadaye. Tabu ni kwamba mazoezi yenyewe yanachosha roho. Mtu mzima aliyelea watoto na kulima mashamba anaambiwa ashike mpira, auachie, aushike tena. Anajiona amerudishwa chekechea.

Kijana aliingia kwa babu na karata zake nne kwa sababu ndiko mama yake asikokwenda kumtafuta.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mume mwenzangu. Umechomewa mali, nimesikia harufu.”

Babu na mjukuu ni watani, na utani huo ndio uliofungua mlango. Babu alitaka kuona kilichomponza. Kijana akaangalia pa kuzipanga karata zake. Meza ya nyumba hiyo ni moja: juu yake kuna televisheni, chupa ya chai, sufuria zilizofunikwa, na mfuko wa dawa za babu za shinikizo la damu. Hakukuwa na nafasi ya kuweka hata kiberiti. Mchezo wote ilibidi ufanyike mikononi.

Hapo pana jambo ambalo wanaofundisha karata kwenye simu hawalisemi vya kutosha. Wengi wao wamekaa mbele ya meza yenye kitambaa laini, wanaweka karata chini, wanazipanga safu, wanazifunika. Mtazamaji wa Mafiga yuko kwenye benchi, kwenye mkeka, kijiweni kwa bodaboda au ndani ya daladala. Mchezo unaodai meza utabaki kwenye simu. Unaoishi mikononi unakwenda na mwenyewe popote. (Neno meza lenyewe tulipewa na Wareno, pamoja na karata, kopa, uru, shupaza na pau. Waliondolewa Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698, lakini karata zao ziliendelea kuchezwa.)

Kufanya bila meza kuna masharti yake. Karata isiwe na mahali pa kupumzika isipokuwa mkononi, kwa hiyo fungu liwe dogo: tatu, nne, tano, sita hivi. Kila karata inayotoka kwenye fungu lazima ipate pa kwenda, ama mkono wa pili, ama mkono wa mtazamaji. Watu wanasimama pande zote, hivyo mtendaji anaegemea ukuta au anakaa pembeni ili asiwe na mtu nyuma yake. Na vidole vikilowa jasho, kama ilivyo Morogoro miezi ya joto, karata hugandana na siri hutoka hadharani. Kufuta mikono kwanza ni sehemu ya mchezo.

Mchezo aliofanya kijana ni wa zamani sana na unafundishwa kwa wanaoanza, kwa hiyo hakuna ubaya kuueleza. Fungu la karata nne linashikwa kwa mkono wa kushoto kutoka juu, migongo ikitazama juu, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili. Mkono unainuliwa kidogo mtazamaji aone karata ya chini kabisa: saba ya kopa. Mkono unashushwa. Wakati unashuka, ncha ya kidole cha kati au cha pete inaivuta saba ya kopa nyuma kuelekea kifundo, upana wa kidole kimoja hivi. Mkono wa kulia unakuja kwa mbele, unaingia chini ya fungu na kuchomoa karata. Mtazamaji anaamini imetoka ile ya chini. Kumbe imetoka iliyo juu yake, kwa sababu ya chini imeshavutwa nyuma, haiguswi.

Basi karata hiyo, ambayo ni mbili ya shupaza, inawekwa kwa mtazamaji ikiwa imefunikwa. Kwenye meza ingewekwa mezani. Hapa palikuwa na kiganja cha babu.

“Babu, nishikie saba ya kopa. Usiiachie.”

Kijana hakuwa amepanga lolote. Alinyoosha karata upande ule uliokuwa karibu naye, na upande huo ulikuwa wa kulia. Mkono wa kushoto wa babu ukaubeba ule wa kulia, ukaugeuza taratibu hadi kiganja kikatazama juu, ukauweka gotini. Karata ikatua. Babu akaifunika kwa kiganja cha kushoto. Kijana akapuliza fungu lake, akalisawazisha, akaonesha karata ya chini: saba ya kopa, iko hapa hapa. Babu akainua kiganja chake. Mbili ya shupaza.

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akataka tena. Mara ya tano kiganja cha kulia kilikuwa hakibebwi chote na cha kushoto, kinasaidiwa tu. Si kwamba mkono ulikuwa umepona jioni hiyo. Ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu aletwe mjini, babu alikuwa ameugeuza mkono wake mara nyingi mfululizo bila mtu kumhesabia.

Wataalamu wa tiba wameliona hili zamani. Mwaka 1982 mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani, David Copperfield, alianzisha mpango uitwao Project Magic pamoja na mtaalamu wa tiba ya kurejesha uwezo wa shughuli za kila siku, Julie DeJean, katika hospitali ya Daniel Freeman, jimbo la California. Wagonjwa walifundishwa mazingaombwe madogo ya kamba, sarafu, karata na mipira ya raba, kila moja likichaguliwa kulingana na kidole au kifundo kinachohitaji kazi. Uingereza nako, mpango wa Breathe Magic ulioanzia London huwakusanya watoto ambao upande mmoja wa mwili ni dhaifu, wengi wao kutokana na utindio wa ubongo. Wanafundishwa mazingaombwe yanayolazimisha mikono miwili ifanye kazi pamoja. Mwisho wake wanapanda jukwaani mbele ya wazazi wao.

Mantiki yake si ngumu. Mtoto au mzee mwenye mkono dhaifu amezoea kushindwa kufanya ambayo kila mtu anayaweza: kifungo, kijiko, kamba ya kiatu. Akijua mchezo mmoja wa kiinimacho, anaweza jambo ambalo wenye mikono mizima hawaliwezi. Hata daktari wake hajui ile karata imekwendaje. Hapo haitaji kuhimizwa arudie, atarudia mwenyewe hadi usiku.

Kwa upande wa mkono, fungu dogo linagusa mengi. Kiganja cha mtu kina mifupa 27 kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, na misuli mingi inayovuta vidole haimo kiganjani, imo kwenye kigasha. Kushika karata nne kwa pembeni kunakitaka kidole gumba kikabiliane na vidole vingine, kazi ambayo kiharusi hupenda kuiiba. Kuonesha karata ya chini kunazungusha kifundo. Kuchomoa moja tu bila kuziburuta nyingine kunadai nguvu ndogo, tena iliyopimwa, na hiyo ni ngumu zaidi ya kubana kwa nguvu.

Wenye kupenda historia watakumbuka majina mawili. Alex Elmsley, Mskoti aliyefanya kazi za kompyuta, alibuni katika miaka ya 1950 namna ya kuhesabu karata nne moja moja mbele ya macho ya mtu huku moja kati ya hizo ikigoma kuonekana. Dai Vernon, mzaliwa wa Canada, akaitumia kwenye mchezo wake wa karata nne zenye A, ambao ulichapishwa mwaka 1960: karata zinageuka uso moja baada ya nyingine ndani ya mikono, hakuna kinachowekwa chini. Hadi leo huo ndio mchezo ambao wengi hujifunza wakitaka kuachana na meza. Hesabu ya Elmsley si ya kumpa mgonjwa wiki ya kwanza, maana hata vijana wenye vidole vyepesi inawatoa jasho.

Na yuko René Lavand wa Argentina. Alipoteza mkono wa kulia katika ajali akiwa na miaka tisa, akaja kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa karata duniani kwa mkono wa kushoto peke yake, hadi alipofariki mwaka 2015. Ni haki kusema kwamba yeye aliihitaji meza. Meza ndiyo iliyokuwa mkono wake wa pili. Babu wa Mafiga mambo yalikuwa kinyume: mkono wake wa pili ndio uliokuwa meza.

Siri haikukaa. Jumatano mama alirudi sokoni mapema, akawakuta. Kijana alisimama wima. Karata zilikuwa mbili kwake, mbili kwa babu, na ushahidi haukuhitaji wakili.

“Nilisema nini kuhusu karata ndani ya nyumba hii?”

“Mama, si za kuchezea hela.”

“Hata wale walianza hivyo hivyo. Kwanza wanakuchekesha.”

Hakukosea. Mchezo wa karata tatu nao ni kiinimacho cha fungu dogo. Mchezeshaji anashika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na anaporusha, mtazamaji anadhani imeanguka ya chini kumbe ametupa ya juu. Kwa ufundi wa mkono, mchezeshaji wa karata tatu na kijana yule ni ndugu. Mzazi anayeambiwa hakuna uhusiano wowote anadanganywa. Tofauti iko kwingine: hapa hakuna dau, hakuna mwenzao aliyejificha kwenye kundi, na mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba anafanyiwa mchezo. Mtazamaji wa karata tatu ndiye pekee pale asiyejua.

Babu ndiye aliyejibu. Hakutetea kwa maneno, maana yalimchukua muda. Aliuinua mkono wa kulia kutoka gotini, bila kuubeba, kimo cha ngumi hivi, na kiganja kikageuka nusu. Akamwambia binti yake amweke karata.

Mama alisimama pale na kikapu chake. Halafu alikaa ukingoni mwa kitanda na kuuliza mkono umeanza lini kuinuka, mbona hakuambiwa. Kijana alisema hakuna aliyeuliza kwa sababu kila mtu alikuwa na hasira na karata. Kwa jibu hilo alikaribia kupigwa, utani wa babu ukamwokoa.

Masharti yalitolewa. Hakuna fedha, hata ya pipi. Hakuna kwenda nazo kijiweni. Masomo kwanza. Na babu asiache vidonge vya shinikizo la damu kwa kisingizio kwamba mkono umepata dawa nyingine. Hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Karata haziondoi kiharusi wala haziuzuii cha pili. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa ndilo chanzo kikubwa, na wengi huacha dawa siku wanapojisikia vizuri. Uso ukipinda upande mmoja ghafla, mkono ukianguka unapoinuliwa, au maneno yakachanganyikana, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama dalili zinaonekana kupungua. Asipewe chakula wala kinywaji kwanza, kwa kuwa kumeza kunaweza kuwa kumeharibika.

Kliniki iliyofuata mama alieleza habari ya karata kwa aibu kidogo. Mtaalamu wa mazoezi tiba hakucheka. Aliomba aoneshwe, kisha akarekebisha. Babu akae wima, kiwiko kiegemezwe kwenye mto ili bega lisining'inie, maana bega la upande uliolegea huumia upesi na halipaswi kuvutwa, hata wakati wa kumnyanyua mtu kitandani. Dakika kumi, mapumziko, kisha kumi nyingine, mara kadhaa kwa siku. Vidole vikijikunja na kukaza visifunguliwe kwa nguvu. Visianze kulainishwa kwa maji ya moto ambayo mgonjwa ameyapima kwa mkono uleule usiohisi vizuri, kwani wapo waliobabuka kwa njia hiyo. Maumivu yakija, mchezo usimame. Kazi ianzie kwenye karata moja tu ya kupokea na kugeuza, kisha mbili, na siku moja huenda babu ndiye akashika fungu na kijana akawa meza.

Shauri jingine lilikuwa la ukubwa. Karata za dukani ni nyembamba na zinateleza. Vidole vinavyojifunza upya vinapata nafuu kwa kitu kipana na kinene zaidi, hata kikiwa cha kukatwa kwenye boksi la biskuti.

Maendeleo yalikuwa ya polepole, na kuna siku yalirudi nyuma. Juma moja babu alikataa kabisa, akasema anafanywa kitoto. Siku nyingine alidondosha karata mara nyingi hadi akaipiga fimbo sakafuni. Kijana naye ana mitihani na marafiki, hakai ndani kila jioni. Kifungo cha shati bado kinamshinda babu. Kikombe kisichojaa anakishika kwa mikono miwili. Mbinu ya kuvuta karata ya chini nyuma ameijua vizuri kichwani, kwa kuwa alimbana mjukuu hadi akafichua, na sasa anaifanya kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukichomoa. Mara nyingi zinatoka mbili. Wapangaji wanaokuja kumjulia hali hujifanya hawajaona.

Jumamosi iliyopita mama alirudi sokoni na boksi tupu la biskuti. Baada ya kula, aliketi kwenye mkeka na mkasi, akakata vipande vinne vikubwa kama daftari dogo, akamtuma kijana alete kalamu nyekundu. Alichora saba ya kopa mwenyewe, moja baada ya nyingine, ulimi umemtoka pembeni kama mwanafunzi. Babu alipokea, akaigeuza kwa mkono wa kulia, akaitazama kwa muda mrefu karibu na taa.

“Mwanangu,” alisema, “hii ni saba ya nyanya.”